Si Gita Bovu, Ni Gita Lisilotengenezwa

Muulize mpiga besi wa kwaya, wa bendi ya dansi au wa hotelini gita lake lina shida gani, na mara nyingi atakujibu kwamba ni la bei rahisi. Nyuzi zinamuumiza vidole. Akipanda noti za juu, zinapishana na kinanda. Sauti inatoka kama mvumo usio na umbo, na kila akigusa nobu ya volyumu spika inakwaruza. Dawa anayoitaja nayo ni ileile siku zote: akipata fedha atanunua Fender iliyotengenezwa Marekani, au gita la nyuzi tano lenye betri kama analoliona kwenye video za injili. Viongozi wa kwaya huitisha harambee kwa ajili ya dawa hiyo, vijana huikopea, na mwenye duka hana sababu ya kuipinga.

Mimi naipinga. Sidai kwamba magita yote ni sawa, wala kwamba bei haina maana hata kidogo. Ninachodai ni kwamba kasoro zote nilizozitaja hapo juu, kuanzia nyuzi zinazouma hadi nobu zinazokwaruza, chanzo chake cha kawaida ni gita kutotengenezwa tangu litoke dukani. Zitalifuata hata hilo la Marekani, likitunzwa vivyo hivyo. Wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na katika suala la besi jua tunalolisingizia ni bei.

Tuanze na asili ya chombo chenyewe, maana asili yake inajibu nusu ya hoja. Gita la besi la umeme tunalolijua leo, lenye mwili wa ubao mzima na shingo yenye freti, liliingia sokoni mwaka 1951 kwa jina la Precision Bass. Aliyelibuni, Leo Fender wa Fullerton, California, hakuwa mpiga gita. Alikuwa fundi redio, mwenye karakana yake tangu 1938, na aliliunda gita kwa akili ya mtu anayejua kwamba kila kifaa kitarudi mezani kwa fundi siku moja. Shingo aliishika kwa skrubu badala ya gundi, ili ikiharibika ifunguliwe. Ndani ya shingo alizika fimbo ya chuma inayoweza kukazwa na kulegezwa. Nyuzi aliziwekea vikalio vinavyopanda, kushuka na kusogea. Mwaka 1957 pikapu yake ikagawanywa vipande viwili vinavyofuta mngurumo wa umeme, na umbo hilo ndilo linalonakiliwa mpaka leo na viwanda vya dunia nzima.

Skrubu zote hizo ziliwekwa kwa sababu. Fender alijua kwamba gita litabadilika baada ya kuuzwa, na akamwachia mmiliki njia ya kulirudisha kwenye hali yake. Anayelimiliki gita la besi kwa miaka mitano bila kugusa hata skrubu moja anatumia nusu ya kile alichokinunua.

Kinacholibadilisha ni mbao. Seti ya kawaida ya nyuzi nne, zikiwa zimetyuniwa, huivuta shingo kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 80, usiku na mchana. Mbao nayo hunywa unyevu wa hewani na kuutoa tena hewa ikikauka. Gita lililorekebishwa vizuri Nairobi, mji ulio zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, likiteremshwa Mombasa au Dar es Salaam halitabaki kama lilivyokuwa, kwa kuwa hewa ya pwani ina unyevu mwingi kuliko ya bara. Shingo itajikunja kidogo tu, chini ya milimita moja, lakini kwa mpiga besi hiyo inatosha kugeuza chombo chepesi kuwa adhabu. Hakuna bei inayoinunulia shingo ya mbao kinga dhidi ya hewa.

Tazama kazi yenyewe inavyofanyika, kwa sababu wengi wanaiogopa bila kuijua. Livishe gita kwanza nyuzi utakazozitumia na uzityuni sawasawa. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine uubonyeze pale shingo inapokutana na mwili. Sasa uzi umekuwa rula iliyonyooka. Chungulia nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Inapaswa kupitisha kadi ya biashara, yaani kama milimita 0.3. Kwenye magita mengi ya kwaya niliyoyashika nafasi hiyo inapitisha sarafu bila kugusa, na mwenye gita amekuwa akijilaumu kwamba vidole vyake ni dhaifu.

Chukua spana ya L yenye saizi sahihi, izungushe fimbo ya shingo robo mzunguko tu kufuata mwelekeo wa mishale ya saa, tyuni upya, kisha pima tena. Shingo itanyooka kidogo kidogo. Ikiwa shingo imekunjwa kwa nyuma na nyuzi zinagonga freti, zungusha kinyume chake. Fimbo ikigoma usiilazimishe. Hapo ndipo inapokatika, na hapo ndipo ilipozaliwa ile hofu kwamba kuigusa ni kuliua gita. Hofu hiyo ina msingi, lakini inamhusu anayetumia nguvu. Anayezungusha robo kwa robo huku anapima hana cha kuogopa.

Shingo ikikaa sawa, nenda kwenye vikalio. Kwenye freti ya 17, uzi mnene ukae kama milimita 2.5 juu ya freti na uzi mwembamba kama milimita 2. Anayepiga kwa nguvu apandishe kidogo. Kisha gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, upate ile noti nyembamba inayolia kama kengele, halafu ubonyeze hapohapo na ulinganishe kwa tyuna. Programu ya bure ya simu inatosha. Noti iliyobonyezwa ikiwa juu, kirudishe kikalio nyuma. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Hivyo ndivyo ule ugomvi kati ya besi na kinanda unavyokwisha. Mwisho, puliza dawa ya kusafishia kontakti ndani ya volyumu na uizungushe huku na huko mara kadhaa, na mara nyingi mkwaruzo unaondoka. Kwa fundi mzoefu kazi yote hii ni ya asubuhi moja.

Watetezi wa bei watauliza: kama ni hivyo, mbona wapigaji wakubwa wana magita ya gharama? Wengi wao waliyapata wakiwa tayari wakubwa, na baadhi ya magita yanayoheshimiwa kuliko yote hayakuchaguliwa kwa ughali wake. Paul McCartney alinunua Höfner yake ya kwanza mjini Hamburg mwaka 1961 kwa kama pauni 30, kwa kuwa Fender ilikuwa nje ya uwezo wake, na kwa kuwa umbo lake linalolingana pande zote lilimfaa mtu wa mkono wa kushoto. Gita hilo jepesi, lililo tupu ndani, ndilo alilolipiga The Beatles walipokuwa wakipanda. Liliibwa mwaka 1972, na ilipotangazwa mwaka 2024 kwamba limepatikana na kurudishwa kwake, dunia ya muziki ililipokea kama hazina. Thamani hiyo lilipewa na mikono ya mpigaji.

Ukweli wa viwandani nao hauwasaidii. Mwaka 1982 Fender wenyewe walianza kutoa magita ya bei nafuu yaliyotengenezwa Japani kwa jina la Squier, na yale ya mwanzo leo yanasakwa na wakusanyaji wa vyombo. Siku hizi viwanda vya Indonesia na China hukata miili na shingo kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta, na mashine haijui kama gita litauzwa ghali au rahisi. Kinachopunguzwa ili bei ishuke ni saa za mikono ya binadamu: kulainisha ncha za freti, kuchonga kwa kina kinachotakiwa kile kizingiti cha mfupa au plastiki ambacho nyuzi hupita juu yake kabla ya kufika kwenye funguo, kurekebisha shingo kabla gita halijafungwa kwenye boksi. Hupunguzwa pia ubora wa volyumu, swichi na tundu la jeki. Vyote hivyo fundi wa hapa anaweza kuvikamilisha au kuvibadilisha. Anayenunua gita la bei nafuu ananunua kazi ambayo haijamalizwa. Akiimaliza, tofauti inayobaki ni ndogo kuliko alivyoambiwa.

Hoja ya pili inayopendwa ni ya mbao: eti mti wa aina fulani ndio wenye sauti. Kwa gita la mti mtupu, lenye mwili ulio wazi ndani, ni kweli mbao ndiyo inayosema. Gita la besi la umeme lina utaratibu mwingine. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, mkondo mdogo wa umeme unazaliwa ndani ya waya, na mkondo huo ndio unaokwenda kwenye amplifaya. Pikapu inapokea mtikisiko wa chuma. Mbao ina njia yake ya pembeni, nayo huonekana wazi kwenye noti zinazokufa mapema: katika magita mengi ya mtindo wa Fender, uzi mwembamba kati ya freti ya tano na ya saba una noti moja inayozimika kabla ya wenzake, kwa sababu shingo inanyonya nguvu ya uzi kwenye mtikisiko huo. Kasoro hiyo iko hata kwenye magita ya maelfu ya dola. Kwa hiyo jina la mti lisikuchagulie gita. Pita freti moja baada ya nyingine, kwenye kila uzi, usikilize noti inavyodumu, na ulinunue lile gita ulilolishika, hata kama karatasi inalisifu jingine.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi zilizovuma za kampuni ya Motown mjini Detroit katika miaka ya 1960. Gita lake kuu lilikuwa Precision ya mwaka 1962, chombo cha kawaida cha dukani wakati ule. Alilivisha nyuzi nene za La Bella zenye uso laini. Alikuwa amelelewa na besi kubwa ya kusimama, kwa hiyo aliziinua nyuzi juu kuliko wengi wetu tungevumilia. Chini ya kifuniko cha daraja, pale vikalio vinapokaa, kulikuwa na sponji iliyozifanya noti zikatike mapema, na mkono wa kulia ulifanya kazi kwa kidole cha shahada peke yake. Uzi hakuubadilisha mpaka ukatike. Studioni gita liliingia moja kwa moja kwenye mixa. Hakukuwa na betri wala uzi wa tano, na bado wapiga besi wa dunia nzima wanaisoma kazi yake mpaka leo. Kila kitu kwenye orodha hiyo ni uamuzi wa matengenezo uliofanywa na mtu aliyejua sauti anayoitafuta.

Ndiyo maana nasema nyuzi ndizo mabadiliko makubwa kuliko yote kwa fedha kidogo kuliko zote. Nyuzi zenye uso wa mikunjo, zilizoenea tangu kampuni ya Rotosound ilipoziboresha kwa ushauri wa John Entwistle, mpiga besi wa The Who, katikati ya miaka ya 1960, zina mlio mkali unaofanana na wa piano, na zinamfaa anayepiga kwa kidole gumba au anayetaka besi ikate mbele ya ngoma. Nyuzi zenye uso laini zina sauti nene na tulivu, zinakaa vizuri kwenye dansi, rege na taarabu, na zinadumu miaka. Anayelalamika kwamba gita lake linapiga kelele kama bati na anayelalamika kwamba lake limezubaa huenda wanahitaji kubadilishana nyuzi tu.

Hapa ipo desturi tunayoijua sote, ya kuchemsha nyuzi. Inafanya kazi, na sababu yake ni rahisi: maji ya moto huondoa jasho na mafuta yaliyojazana katikati ya mikunjo. Lakini chuma hakirudi kuwa kipya, na kila uzi unapofunguliwa na kufungwa tena unapinda mahali palepale na kudhoofika. Ni tiba ya dharura. Kinga yake ni kitambaa kikavu cha pamba, kupitishwa juu na chini ya kila uzi baada ya kupiga, hasa pwani ambako chumvi ya hewani inakula chuma haraka. Desturi nyingine ya kuachwa ni kulegeza nyuzi zote kila baada ya kupiga. Shingo iliundwa kubeba mvutano huo. Kuikaza na kuilegeza kila siku ndiko kunakoizuia kutulia. Kinachoiumiza zaidi ni gita kuachwa kwenye buti la gari lililoegeshwa juani, au kuegemezwa ukutani kwa shingo wiki nzima.

Sasa nyuzi tano. Inasemwa kwamba bila uzi wa tano huwezi kuupiga muziki wa sasa. Uzi mnene wa besi ya nyuzi nne, E, hutikisika mara 41 kwa sekunde. B ya besi ya nyuzi tano hutikisika mara 31. Spika nyingi za makanisani na kumbini hazina uwezo wa kuitoa sauti hiyo ya chini kabisa. Zinatoa sauti zilizo juu yake, na sikio linajaza pengo. Gita la bei nafuu la nyuzi tano mara nyingi lina B iliyolegea na yenye ukungu. Sikatai kwamba mpiga injili anayebadilisha funguo kila wimbo anafaidika na noti zilizo chini ya E. Lakini ajiulize kwanza nyimbo zake zinazihitaji mara ngapi, na kama kushusha E mpaka D hakutamtosha. Kama anazihitaji kweli, anunue nyuzi tano iliyo nzuri. Nyuzi nne nzuri ni bora kuliko nyuzi tano mbovu.

Betri nayo imepewa sifa isiyo yake. Gita lililoipa umaarufu ni StingRay ya Music Man, la mwaka 1976, lililotokana na mikono ya Leo Fender huyohuyo baada ya kuiuza kampuni yake ya kwanza. Saketi yenye betri inakuwezesha kuongeza besi na ukali ukiwa umelishika gita, na inaisaidia sauti isififie ndani ya waya mrefu. Ni faida halisi. Lakini ni kitu kimoja zaidi kinachoweza kuzimika katikati ya ibada. Katika magita mengi ya namna hiyo jeki ndiyo swichi, kwa hiyo waya ukiachwa umechomekwa usiku kucha, betri ya volti 9 inaisha bila noti moja kupigwa. Precision ya kawaida haina betri wala saketi ya kutatanisha: ina pikapu, volyumu moja, toni moja, kapasita moja na tundu la jeki. Sioni fundi redio wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue atakayeshindwa kuvilehemu upya.

Anayetaka kulibadilisha gita na afanye hivyo, ila kwa utaratibu. Kabla ya kununua pikapu mpya, ipandishe au ishushe ile iliyopo. Milimita moja hubadilisha sauti kuliko watu wanavyodhani, na sumaku iliyo karibu mno na uzi huuvuta na kuuharibia mlio. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kilichokusaidia. Piga picha ya nyaya kwa simu kabla ya kulehemu chochote. Kipande cha zamani kitunze. Usitoboe mwili wa gita kama hujajaribu njia zote zisizotoboa. Jaco Pastorius, aliyetoa albamu yake ya kwanza mwaka 1976, alijipatia jina kwa gita la Jazz Bass la 1962 lisilo na freti: freti ziling'olewa, nafasi zake zikazibwa, ubao wa shingo ukapakwa epoksi ya mashua ili nyuzi zake za mikunjo zisiutafune. Kila hatua ilijibu tatizo lililokuwepo. Hicho ndicho kipimo cha badiliko zuri.

Kuhusu amplifaya, kosa letu kubwa ni kuhesabu wati. Kuongeza nguvu maradufu huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo ukumbini unaisikia kwa shida. Ili sikio lione sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji karibu mara kumi ya nguvu. Amplifaya ya Ampeg B-15, iliyoanza mwaka 1960 na wati 25, ilitumika kurekodi muziki mwingi tunaousikia mpaka leo. Ukumbini kinachokupa besi ni eneo la spika na mahali ulipoiweka. Boksi likikaa sakafuni karibu na ukuta au pembeni, sauti za chini huongezeka bila gharama. Na besi ikipotea katikati ya ngoma na magita, usikimbilie kuongeza besi. Punguza kidogo sauti za chini kabisa na uongeze za kati. Huko ndiko sikio linakoitambua noti, na spika itaacha kukoroma.

Lipo jambo moja lisilo la ladha wala mjadala. Katika kumbi zetu nyingi nimeona plagi za amplifaya zilizokatwa pini ya ethi ili mngurumo upungue. Nyuzi za gita zimeunganishwa na ethi ya amplifaya. Ethi ikikatwa na kifaa kikapata hitilafu, umeme utatafuta njia nyingine ya kwenda ardhini, na mpigaji anayegusa nyuzi kwa mikono na maikrofoni kwa midomo ndiye atakayekuwa njia hiyo. Mngurumo unatibiwa kwa waya mzuri wa jeki, kwa bati jembamba la shaba lililobandikwa ndani ya shimo la pikapu na kuunganishwa na ethi, na kwa kuchomeka vyombo vyote kwenye chanzo kimoja cha umeme. Usiikate ethi, na usipige kwenye jukwaa unalojua imekatwa.

Nimesema bei ina maana yake, na hapa naitaja kwa haki. Fedha inanunua funguo zinazoshika tyuni, freti zilizomalizwa vizuri, uzito unaovumilika begani kwa saa tano, na uhakika kwamba gita la pili litafanana na la kwanza. Anayeishi kwa safari na maonyesho anaihitaji. Yapo pia magita ambayo hakuna fundi atakayeyaokoa: shingo iliyojisokota kama kamba, fimbo iliyokatika, uzi unaotoka nje ya ukingo wa ubao kwa sababu shingo ilichimbiwa vibaya. Ukikagua gita lililotumika, litazame kutoka kichwani kuelekea mwilini kama anayelenga shabaha, piga kila freti, zungusha kila nobu, jaribu kama fimbo inazunguka. Ukiona mojawapo ya kasoro hizo tatu, ondoka hata kama bei ni ya kutupa.

Tusisahau kilichofanyika hapa kwetu. Bendi nyingi za dansi za Tanzania za miaka ya 1970 na 1980 zilikuwa za mashirika na viwanda, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri; mwanamuziki aliyehama bendi aliliacha gita pale alipolikuta. Besi ya Suleiman Mwanyiro katika Mlimani Park Orchestra, bendi iliyoanzishwa mwaka 1978, bado inasikika kwenye rekodi za Radio Tanzania ikizungumza na kunyamaza mahali pake. Anayeisikiliza leo anasikia wakati na nafasi, mahali noti ilipowekwa na mahali ilipozuiwa.

Urithi wa chombo cha pamoja tunao bado makanisani na mashuleni, ila umepoteza mlezi. Gita la kwaya ni la wote, na kwa hiyo halina wa kulifuta. Kila mtu analipiga, hakuna anayelipima. Ikipita miaka, kamati inakaa na kuamua kwamba limezeeka, linanunuliwa jingine, nalo linaingia kwenye njia ileile. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwaya nyingi zimejenga kuta mbili au tatu kwa gharama ya ufa mmoja.

Rai yangu kwa viongozi wa kwaya, wenye bendi na wazazi wanaowanunulia watoto gita la kwanza ni hii. Gawanyeni bajeti yenu: sehemu iende kwenye gita, sehemu kwenye seti nzuri ya nyuzi, waya mmoja imara na malipo ya fundi. Teueni mtu mmoja wa kulishika, aandike tarehe ya kila rekebisho, na lipimwe tena kila msimu wa mvua unapoanza na unapokwisha. Mafundi redio wetu nao wapeni kazi hii, maana chombo hiki kilibuniwa na mwenzao. Na kwa mpigaji mwenyewe: kabla ya kutafuta gita jingine, litengeneze ulilonalo kwa ukamilifu wake. Likishindwa baada ya hapo, nenda dukani. Mengi hayatashindwa.